Dada Koleta na Ngome ya Bwana Pazia

Dada Koleta,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikainuka, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba mara mbili, nikarudi. Ni Jumapili mchana, niko peke yangu. Nimejiambia kwamba nisipokuandikia leo sitakuandikia tena. Mwezi wa nne unaisha tangu tukuzike, na bado sijui kukaa kitako. Darasani nafundisha huku natembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Watoto wa darasa la tano wamenibandika jina: Mwalimu Pangaboi. Ungecheka.

Nina jambo la kukuambia na kila nikiligusa linateleza. Basi naanzia mashineni, Nyakisasa, maana mambo yetu yote mawili matatu ya maana yalianzia pale.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Mama alitutwika mahindi na muhogo mkavu, wewe debe zima, mimi nusu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Tukishuka bonde na kupanda mpaka senta, tunakuta foleni ya mashine ya kusaga imeshafika barabarani. Tunapanga ndoo zetu kwenye mstari, tunakaa juu ya mawe, tunasubiri. Pembeni ya mashine ndipo kilipokuwa kibanda cha mabati cha Shukuru, yule kijana wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, akauza wawili akanunua runinga na mashine ya gemu. Senta nzima haikuwa na umeme. Waya wa Shukuru ulitoka kwenye dainamo iliyofungwa kwenye injini ya kusagia. Mashine ikisaga, gemu linawaka. Mashine ikizimwa, gemu nalo linakufa, hata kama umebakiza goli moja.

Wasichana hawakuingia mle. Hakuna aliyetukataza, ilikuwa tu haijatokea. Tulizisikia kelele za wavulana wakicheza mpira wa kwenye runinga, nasi tukaona hayo hayatuhusu.

Halafu Shukuru akaenda Kahama na kurudi na furushi la diski mpya. Tukawasikia wavulana wakilalamika ndani, "Mpira gani huu hauna mpira? Toa, weka mwingine!" Kisha ikalia kengele. Kengele ya kanisa, taratibu, moja, kimya, moja, ndani ya kibanda cha mabati. Ulisimama. Ulisema, "Adve, angalia ndoo," ukaenda kuchungulia. Mimi nikaziacha ndoo nikakufuata.

Nikifumba macho naiona mpaka leo. Ngome ya mawe juu ya mlima, mvua inanyesha, radi inapiga, madirisha marefu membamba kama nyufa. Langoni amesimama msichana wa koti jekundu, ameshika taa. Akaingia. Ndani kuna ngazi zisizo na mwisho, mishumaa inayowaka bila mtu, picha za ukoo mzima wa marehemu zinazomfuata kwa macho kila anapopita, na majeneza yamepangwa kama viti vya kanisani. Wavulana watatu walitoka wakisema hayo ni mambo ya majini. Shukuru mwenyewe alikuwa ameiweka pedi ya kuchezea kwenye benchi, hataki kuishika.

Ukasema, "Nipe mimi."

"Wewe? Binti wa katekista?"

"Nipe."

Ulifika ghorofa ya pili. Ulipopita mbele ya dirisha lenye pazia jeusi, pazia likageuka, kumbe lina uso. Nilipiga yowe hadi watu wa kwenye foleni wakaja mbio wakidhani mtoto amenaswa na mkanda wa mashine. Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Pazia. Jina lake halisi tulikuja kulijua miaka baadaye, wala hatukulipenda.

Nilitaka tuondoke. Nilikuwa nakuvuta gauni. Hukuniambia niache woga, maana hukuwa mtu wa kusema maneno ya bure. Uliniambia, "Usiseme unaogopa. Niambie unaona nini." Nikasema naona mshumaa. "Eeh." Naona kiti. Naona mlango, una kufuli. "Haya, na upande ule?" Nikaendelea kutaja, na nilipokuwa nataja, woga ukakosa pa kukaa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na daftari langu la hesabu, nikaanza kuchora vyumba. Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Wewe unashika pedi, mimi nachora ramani.

Na injini! Mzee Batoromeo wa mashine alikuwa akikaribia kumaliza magunia anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Injini inarara! Injini inarara!" kwa ile r yake isiyojua mahali pa l. Hapo tuna dakika mbili za kukifikia chumba cha mimbari, mahali pekee pa kusevu, au jasho la siku nzima lipotee. Unakimbia ndani ya ngome, mimi nakuelekeza na daftari mkononi. "Kulia, Dada! Ngazi! Sasa kushoto, penye mbwa! Si huo mlango, huo wa majeneza!" Mara ngapi runinga ilizimika kidole chako kikiwa juu ya kitufe? Tukitoka nje macho yanauma kwa jua, unga wetu uko tayari, umepoa, na watu wanatutazama kama waliotoka kuzimu.

Baba alikuja kutufuma Jumamosi ya nne au ya tano, kwa sababu unga ulikuwa umeanza kufika nyumbani jioni. Niliiona kwanza kofia yake mlangoni. Wewe hukuweza kuacha, Bwana Pazia alikuwa anakuja, ukamrushia maji kutoka kwenye kichupa, akarudi nyuma akifuka moshi.

Baba akauliza, "Hayo ni maji ya nini?"

"Ya baraka, Baba."

"Nani kayabariki?"

Hakuna aliyejua. Baba akavua kofia, akaketi kwenye benchi kati ya wavulana, akatazama mpaka injini ilipozimwa. Njia nzima hakusema neno. Tulishuka bonde tukijua fimbo inatusubiri. Tulipoanza kupanda upande wetu, akasimama kuvuta pumzi, akasema, "Huyo mzee, mbona hafi?"

"Hatujamfikia bado, Baba."

"Basi mfikieni mapema. Unga unachelewa."

Mama ndiye aliyetuchapa.

Tulimfikia, msimu wa maharage ulipokwisha. Gemu la pili likaja ulipokuwa kidato cha pili, umerudi likizo na kamusi ndogo ya Kiingereza mfukoni. Ulilijua neno la Kiingereza la jeneza kabla ya kulijua la kijiko. Mwalimu wako alipokuuliza umetoa wapi maneno kama laana na kaburi na mrithi, ulimwambia kwenye Biblia. La tatu tulilisikia tu. Shukuru aliahidi kulileta, lakini nguzo za umeme zikafika senta, kila mwenye duka akaweka runinga yake, akafunga kibanda akarudi kwao. Tukakua. Wewe ukawa bibi shamba wa Nyamahanga, na pikipiki yako na mabuti yako, wakulima wanakuogopa kuliko ukame. Mimi nikapangiwa kufundisha Nemba. Baba akafariki. Anjela wako akazaliwa, baba yake akaondoka, hukumlilia.

Sasa nimesimama tena. Nimekwenda kuchota maji ambayo hayahitajiki.

Ulipokuja kukaa kwangu ulikuwa umeshakwenda Mwanza mara sita kwa ajili ya ile saratani ya titi. Tulikubaliana Anjela abaki Nyakisasa kwa Mama asikatishe shule, nawe ukae kwangu, hospitali iwe karibu. Kwa mtu aliyezoea kuzunguka vijiji vitatu kwa siku, kitanda kilikuwa kifungo. Ulikuwa unapanga upya vyombo vyangu. Ulikuwa unahesabu vifaranga vya jirani kupitia dirishani. Ndipo mwalimu mwenzangu wa hesabu akanipatia lile gemu la tatu, ndani ya kompyuta ya mkononi, na pedi ya kuazima. Sijawahi kuona furaha kama ile usoni mwa mtu mgonjwa. Kengele ilipolia ulifumba macho, ukasema, "Nasikia harufu ya pumba."

Lakini dawa zilikuwa zimeua ncha za vidole vyako. Ulibonyeza huku ukiangalia pedi ili ujue umebonyeza nini. Ulikufa mara nane langoni, ukanikabidhi. "Shika wewe. Mimi nitachora."

Basi tukabadilishana. Kila siku nikitoka shule saa tisa nakukuta umeketi tayari, mto mgongoni, penseli umeibana kwa vidole vitatu kama mtoto wa chekechea, karatasi zako zikiwa migongo ya kalenda za zamani. Ulichora vibaya sana, Dada. Mistari imepinda kama njia za mbuzi. Nilikuambia, ukaniambia nishike adabu na nipande ngazi. Nimekuwa mtu mzima, nimesomesha mamia ya watoto, lakini sikumbuki alasiri zilizo bora kuliko zile.

Sasa, ile Jumanne.

Ulikuwa unavaa nyuma ya pazia la chumba cha daktari. Akaniita koridoni. Aliongea vizuri, kwa upole, hakunificha. Alisema dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, tukae nyumbani, tupambane na maumivu tu, ni suala la wiki. Akaniuliza, "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" Nikasema nitamwambia mimi. Nilisema haraka, kama mtu anayewahi kuipokea sufuria ya moto ili mwingine asiungue. Tukapanda bajaji. Ukaniuliza kwa nini nimenyamaza, nikasema tumbo.

Wakati huo kwenye gemu tulikuwa tumeufikia mnara. Zimebaki ngazi, mlango, na yeye. Jioni ile nikashika pedi, nikaufikia mguu wa ngazi, nikageuza. Nikasema twende tukatafute mishumaa zaidi. Kesho yake nikageuza tena, nikarudi mpaka maktaba, nikafungua makabati yaliyokwisha funguliwa. Siku ya tatu nikarudi hadi jikoni kabisa, kule tulikoanzia. Wewe ulikuwa umeiweka penseli chini. Hakukuwa na cha kuchora.

"Adve."

"Bee."

"Chumba hiki tumekwisha kukipita mara nne."

"Natafuta ufunguo."

"Ufunguo tunao."

Nikafungua droo nyingine.

"Daktari alisema nini Jumanne?"

Na mimi, Dada, macho yangu yakiwa kwenye kioo, nikasema, "Alisema tuendelee na dawa."

Uliniangalia, nikayahisi macho yako shavuni. Kisha ukasema, polepole, "Basi sawa. Anjela ana mitihani, tusimsumbue. Akifunga shule ndipo aje."

Pale. Nilikuwa na nafasi pale. Kutoka Nyakisasa ni safari ya asubuhi moja. Ningetuma ujumbe kwa Mama, kesho yake mtoto angekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chako. Sikutuma. Nilibonyeza kitufe, msichana wa koti jekundu akafungua kabati tupu.

Ulifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mkono wako ukiwa kwenye wangu. Anjela alibakiza siku tisa afunge shule. Alikuja msibani na sare, kwa kuwa ndiyo nguo aliyokuta imepigwa pasi.

Sijui kama uliniamini. Hilo ndilo linalonizungusha nyumba. Kuna siku nasema ulijua, ukaniachia niendelee kwa kunihurumia, kwa sababu mimi ni mdogo wako. Kuna siku nasema hapana, ulinisadiki, ukaihesabu likizo kwa vidole, na nilikuibia binti yako siku za mwisho. Nikisimama nafikiria la kwanza, nikikaa nafikiria la pili, ndiyo maana sikai.

Tulikuzika Nyakisasa karibu na Baba, juu ya migomba. Mama ni mzima, miguu inamsumbua, kahawa mwaka huu imebeba vizuri. Mrithi wako Nyamahanga ni kijana mpole, wakulima wanalalamika kwamba hawafokei. Na Anjela amehamia kwangu. Tulikubaliana kwamba asome hapa Nemba. Amerefuka. Anatembea kama wewe, kisigino kwanza.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunachambua maharage nje. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama mdogo, mama alijua kwamba anakufa?"

Nilikuwa na jibu tayari, Dada, jibu zuri, la Mungu ndiye ajuaye. Lilikuwa mdomoni. Nikamtazama zile nyusi zako. Nikasema, "Daktari aliniambia mimi. Nilikubali kumwambia mama yako, sikumwambia. Aliniuliza, nikamdanganya."

Akaweka ungo chini.

"Ningekuja."

"Najua."

"Ningekuja hata kwa miguu!"

Akaingia ndani. Siku nne alinisalimia tu. Shikamoo asubuhi, nimeshiba jioni, na katikati hakuna. Afadhali angenitukana. Nilikuwa naisikia ile shikamoo mpaka darasani.

Siku ya tano nikiwa nasahihisha madaftari akaja na karatasi za kalenda, zile ramani zako. Alizikuta chini ya godoro. "Hivi ni nini?"

Nikamweleza. Nilianzia mbali, kama nilivyoanzia kwako leo: Shukuru, waya, Mzee Batoromeo. Nilipofika kwa babu yake na maji ya baraka, alicheka. Alicheka akajikamata, kama aliyekumbuka kwamba ana ugomvi na mimi. Nikaendelea mpaka mguu wa ngazi.

"Kwa nini hukupanda?"

"Niliogopa."

"Sasa unaogopa nini? Si ameshakufa?"

Watoto, Dada. Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa. Kisha akasema, "Washa."

Tulipanda. Tulikufa mara kumi na moja. Binti yako hataji anachokiona. Anamtukana Bwana Pazia kwa Kihangaza, matusi ya kizee ambayo hayakutoka shuleni, nitamuuliza Mama. Alinipokonya pedi mara ya kumi na mbili, na yeye ndiye aliyemaliza, mimi nikimwambia ngazi iko wapi kwa kuisoma mistari yako ya njia za mbuzi. Nikuambie mwisho, maana uliusubiri miaka ishirini. Bwana Pazia hapigi kelele. Anaketi kwenye kiti chake kama mzee aliyetoka shambani, anamwomba msichana afungue dirisha. Msichana anafungua, jua linaingia, kiti kinabaki kitupu. Basi. Yanapita majina ya waliolitengeneza.

Anjela akauliza, "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo."

"Si mbaya," akasema. Akaniona nalia. Akaenda kuniletea maji kwenye kikombe, akasimama mpaka nikanywa yote. Ndipo aliposema, "Usinidanganye tena, Mama mdogo. Hata kama ni jambo baya." Nikamwambia sitamdanganya.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kuna neno jingine la daktari, la Jumanne ile ile koridoni, ambalo sijaliandika wala sijamwambia mtu. Alisema, "Na wewe, kwa kuwa mmezaliwa tumbo moja, njoo upimwe. Usikae." Miezi minne nimekaa, mimi nisiyejua kukaa. Na juzi nikioga mkono wangu umegusa kitu chini ya kwapa la kushoto, ukubwa wa punje ya harage. Huenda si kitu. Nimekigusa mara nyingi tangu juzi, na kila mara kipo.

Anjela aliniuliza jana mbona sijala. Nikasema tumbo.

Nimelisikia lilivyotoka, Dada. Neno lile lile, sauti ile ile ya kwenye bajaji. Ndiyo sababu nimekuandikia leo na si siku nyingine.

Nisamehe. Siombi unijibu, nimekwisha kuomba mengi kwa watu wasioweza kujibu. Pumzika kule juu ya migomba, umsalimie Baba, mwambie tumemfikia tena yule mzee wake. Nakuahidi mambo mawili. Kesho Jumatatu nimekwisha omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, saa mbili nitakuwa hospitalini kwenye benchi. La pili ni gumu zaidi. Anjela yuko njiani anatoka kwaya, namsikia anakuja akiimba sauti ya pili peke yake. Nitamwambia sasa hivi, kabla hajavua viatu.

Mdogo wako,
Adventina